Tangazo Nililobandua Kwenye Mabati

Kabla ya asubuhi ile, mwanangu, ungeniuliza ni kitu gani duniani kinaweza kunishangaza, ningekucheka. Mimi? Nimeuza maji kwa mkokoteni hapa Voi nikiwa sina hata ndala. Nimelala juu ya marobota ya mkonge, nimefukuzwa na askari wa soko, nimepigwa mawe nikiitwa mwizi na nikarudi kesho yake kuwauzia maji walewale. Darasa la nne niliondoka, kitabu nikamwachia mwalimu. Leo nina malori mawili, mashine ya kusaga, na duka la vifaa vya ujenzi ambalo hata wenye digrii huja kuniomba niwapunguzie. Usione vyaelea, vimeundwa. Na muundaji ndiye huyu anayekusimulia.

Lakini ngoja nikurudishe nyuma kidogo, hadithi isije ikakuacha steji.

Kaunti ilikuwa bado changa wakati huo. Nilikuwa nimenunua ploti ukingoni mwa Kaloleni, pale nyumba zinapoisha na vichaka vinapoanza. Bei yake ilikuwa rahisi mpaka nikamcheka aliyeniuzia. Leo najua ni nani alikuwa akicheka. Nikazungushia mabati mapya, nikapanga kujenga vyumba sita vya kupangisha. Akiba yangu yote niliimwaga pale, na juu yake mkopo wa chama. Vyumba vile vingeanguka, nami ningeanguka navyo.

Siku moja nikamkuta binti anaitwa Mkawasi, karani wa ofisi ya wadi, akibandika karatasi kwenye mabati yangu. Ana ndoo ya gundi, ana brashi, hana wasiwasi.

"Wewe msichana," nikamwambia, "hayo mabati yalinunuliwa, hayakuokotwa."

"Shikamoo, baba. Ni tangazo la kaunti, mpango wa mji. Alhamisi kuna mkutano pale ukumbini. Mwenye ploti upande huu afike aseme anachojua, mambo ya barabara, mitaro, na njia za wanyama. Ramani iko hapo chini. Isome tu."

Isome tu. Mwanangu, maneno mawili hayo yaliniingia kama mwiba wa mgunga. Kusoma kwangu kulikuwa jina langu na bei za vitu, basi. Ningemwambia, "Nisomee, binti yangu," angenisomea palepale, gundi ikimdondokea viatuni. Kuuliza si ujinga. Lakini nilikuwa na malori mawili, na nilidhani mwenye malori mawili haulizi.

"Mikutano ni ya watu hawana kazi," nikamjibu.

Akachovya brashi yake taratibu. "Sawa, baba. Lakini hao wenye hawana kazi ndio wanajua ndovu hupita wapi."

Alipoondoka nikamwita fundi wangu, Okumu, mtu wa Busia, aliyekuja na baba yake enzi za reli akabaki. Nikamwambia abandue ile takataka. Akaibandua, akaigeuzageuza. "Mdosi, hii ramani ina mstari mwekundu. Naona kama unapita hapa tumesimama."

"Mstari haubebi zege," nikasema. Tukacheka wote wawili. Ile karatasi tukafungia misumari. Alhamisi ilipofika, nilikuwa Mahoo napakia ndizi.

Wiki iliyofuata tukachimba msingi. Kwenye kona ya mashariki, kina cha goti tu, jembe likagonga kitu kikalia kama mlango. Tukafukua. Ulitoka mfupa mrefu kuliko mguu wangu. Ukatoka ubavu, ukatoka mwingine. Likatoka taya lenye meno mapana, yenye mistari kama soli ya buti. Mwisho likatoka fuvu, watu wanne wakalibeba, na pale pembe zilipokuwa palikuwa na matundu mawili yamejaa mchanga.

Okumu akavua kofia. "Mdosi, huyu si ng'ombe. Tuite watu wa wanyamapori."

Nilijua wakija, kazi itasimama. Nikasema mifupa haina kesi. Tukaipakia kwenye lori la bluu, tukaenda kuimwaga kwenye korongo mbali huko, ambako maji hupita wakati wa mvua tu. Njiani Okumu aliishika kofia yake mapajani, hakuivaa tena.

Siku ya tatu nikafika ploti kumepambazuka. Kitu cha kwanza nilichogundua ni kwamba hakuna ndege anayelia. Kisha nikawaona. Ndovu kumi na mmoja, ndani ya mabati yangu. Upande mmoja wa ua ulikuwa umelazwa chini, si kwa kuvunjwa, umelazwa tu kama mtu anavyokunja mkeka. Sisi wa Voi ndovu si wageni kwetu. Tunajua wakija hula mahindi, huvunja tangi, hupiga kelele. Hawa hawakula, hawakuvunja. Walisimama kuizunguka ile kona ya mashariki, kimya, mpaka nikasikia saa yangu ya mkononi. Jike mmoja mzee, sikio lake la kushoto limechanika, akageuka akaipa ile kona mgongo, akainua mguu wa nyuma, akaanza kupapasa udongo kwa wayo. Polepole. Kama mtu anayetafuta kitanda gizani asimwamshe aliyelala.

Halafu wakaondoka mstari mmoja. Mifuko ya saruji walipita kando yake, hakuna hata mmoja uliochanika.

Tukajenga. Ndiyo, tukajenga, maana kiburi hakina breki. Ukuta ukafika kiunoni, wakaja tena, wakaunusa tofali kwa tofali. Ukafika kifuani, wakaja tena. Kila mara kona ileile, mguu uleule. Vibarua wakaanza kuondoka, leo wawili, kesho watatu. Mwisho Okumu akanirudishia mwiko wangu.

"Mdosi, nimekufanyia kazi miaka. Lakini mimi siwezi kumwaga zege kwenye matanga ya watu."

"Ni ndovu, Okumu, si watu."

"Basi waambie wewe waache kulia."

"Mbona mimi sisikii kilio?"

"Hata mimi sisikii," akasema. "Ndiyo sababu naenda."

Nikaleta mafundi wengine. Mdharau mwiba mguu huota tende, lakini mimi mguu ulivimba na bado nikaulazimisha kiatu.

Sasa nisikilize vizuri. Nyumbani kwangu ni katikati ya mtaa, mbali na pori, na miaka yote ndovu hajawahi kufika. Asubuhi moja mama watoto, Wakesho, akanitikisa bega. Alikuwa amesimama dirishani na mkono mdomoni. Uani kwangu malori mawili yalikuwa yamelala sambamba, jekundu na la bluu. Yule jike mwenye sikio lililochanika alikuwa katikati yao, peke yake. Alikuwa amepita kando ya mbaazi za jirani bila kugusa jani. Lori jekundu hakulitazama. Alitia mkonga ndani ya lile la bluu, akaupitisha ubaoni kutoka mbele mpaka nyuma, akarudia, akarudia. Na lile lori, mwanangu, nilikuwa nimelisafisha kwa sabuni, na tangu siku ile lilikuwa limebeba mchanga, ndizi na mbolea mara nyingi nisizoweza kuhesabu.

Kisha akageuka. Akatazama dirisha letu.

Wakesho akanong'ona bila kunigeukia, "Baba Mwadime, umeleta nini hapa nyumbani?" Nyuma yetu watoto walikuwa wamelala.

Yule ndovu alipoondoka, nilivaa viatu nikaenda ofisi ya wadi, nikaketi kwenye ngazi mpaka Mkawasi akafungua mlango. Nikamwambia maneno niliyokuwa sijamwambia mtu, hata mke wangu: "Binti yangu, mimi sijui kusoma. Nisomee lile tangazo."

Hakunicheka. Alitoa nakala, akasoma pole kwa pole, kidole juu ya ramani. Ule mstari mwekundu ulikuwa njia ya ndovu, nao ulipita katikati ya vyumba vyangu. Hakuna jengo litakaloruhusiwa pale. Mkawasi akaongeza kwamba mwenye ploti aliyefika mkutanoni aliandikwa jina, ombi lake la kupewa ploti mahali pengine likapokelewa. Siku za kuandikwa zilikuwa zimekwisha. Mtu mmoja tu wa upande ule hakufika.

"Lakini leo mchana wazee wanakutana ukumbini," Mkawasi akasema. "Njoo useme ukweli. Jina lako halitarudi, lakini utakuwa umesema."

Nikaenda. Nikasimama mbele ya watu ninaowauzia misumari, nikaeleza mifupa nilivyoichimba na nilivyoitupa. Nyuma mtu akapaza sauti, "Leo tajiri ameishiwa mpaka anatafuta mifupa!" Ukumbi ukacheka. Aliyewanyamazisha ni Mzee Mghanga, mzee wetu wa mtaa, aliyekata mkonge tangu ujana mpaka mgongo ukapinda. Alinyanyua mkono tu.

"Wewe ni wa Mghange, kule milimani," akaniambia. "Babu zako waliwekwa wapi?"

"Pangoni, mzee."

"Vichwa vyao vilipangwa pangoni, kila mmoja mahali pake, na ukoo ukajua nani yuko wapi. Tukabatizwa, tukaacha desturi, lakini mpaka leo nani kati yetu anaweza kuingia pale akahamisha hata kimoja? Hakuna. Sasa wewe, mtoto wa watu wa namna hiyo, umekuta kichwa cha mama wa watu mahali pake, ukakitia kwenye lori." Akaninyooshea kidole. "Karatasi ilikutafuta mpaka mlangoni, ukaifukuza. Hao wanaotafuta chao utawafukuza na nini?"

Tulienda korongoni na maafisa wa wanyamapori, na Okumu akaja bila kuitwa. Mvua ilikuwa imetutangulia. Tulipata taya, mfupa mmoja wa paja na mbavu tatu. Fuvu hatukuliona, ijapokuwa tulitembea mpaka jua likatuchoka. Ukuta niliubomoa mwenyewe, nyundo mkononi, kabla ya mtu kunituma. Tukaiweka mifupa kwenye kona yake, tukasimama mbali.

Ndovu walikuja kukipambazuka. Jike mzee akaligusa taya kwa wayo wa nyuma, kisha akaliinua kwa mkonga akaingia nalo porini, na wengine wakafuata. Nikashusha pumzi. Lakini kabla vumbi halijatua alirudi peke yake, akasimama pale fuvu lilipokuwa, akapapasa. Alisubiri mpaka jua likawa kali. Kila kiangazi hurudi, mwanangu, na kila kiangazi mimi huenda kusimama mbali nikamtazama. Sina cha kumpa.

Kwa hiyo nakuambia, wewe uliye na macho ya kusoma na simu mkononi. Tangazo la ofisi likibandikwa, likitumwa kwa simu, likipigiwa kipaza sauti barabarani, simama. Lisome. Usipolielewa, uliza, hata kama anayekujibu ni mdogo wako wa mwisho. Mkutano ukiitwa nenda, keti, sikiliza wazee wanaojua chini ya ardhi kuna nini. Ukichimba ukakuta kitu usichokiweka wewe, acha jembe chini ukatoe habari. Na aibu ya kutojua, itoe mapema ingali ndogo, maana ukiilisha itakua.

Mola akupe sikio jepesi na mguu usio mzito kuingia ofisi za watu. Utakachojenga kikae, na usingizi wako uwe wako. Wakikuuliza huyu mzee alilipa ngapi kwa kuona haya kusema "nisomee", usipunguze wala usiongeze: shilingi milioni moja, laki tatu, elfu arobaini na saba, mia sita na hamsini.