Swali ambalo Nyundo hakuwahi kuulizwa

Alikuwa fundi wa kuchonga mawe ya makaburi. Walimwita Nyundo, maana mkono wake haukukosea herufi hata moja. Kwa miaka kumi na tisa yeye na mdogo wake walikata mawe ndani ya banda la mabati, leso zimefungwa puani, vumbi jeupe limewaganda hadi kwenye kope.

Kikohozi kilipomwanza, zahanati ilimwandikia dawa za kifua kikuu. Alimeza miezi sita bila kuruka siku. Hakupata nafuu; wakamwanzishia upya. Nyumbani mkewe alimtengea kikombe na sahani yake. Majirani wakaacha kuketi naye. Nyundo akakonda, akawa hawezi kupanda ngazi tatu za mlangoni bila kusimama ashike ukuta.

Hatimaye akapelekwa hospitali kubwa. Daktari wa mapafu, mama wa makamo, aliitazama picha ya kifua kwa muda mrefu. Makohozi yalikuwa yamepimwa mara nne, na vimelea havikuonekana.

"Baba, unafanya kazi gani?"

Tangu aanze kukohoa, hakuna aliyekuwa amemuuliza hilo. Alipomweleza, daktari alishusha pumzi. "Hiki si kifua kikuu. Ni vumbi la mawe, limekuachia makovu kwenye mapafu. Sitakudanganya, hayatoki. Tutakusaidia upumue vizuri zaidi, lakini bandani usirudi."

"Naambukiza watu?"

"Hata kidogo."

Jioni ile mkewe alikichukua kile kikombe, akakirudisha kabatini pamoja na vingine. Alilia. Nyundo naye hakumlaumu.

Kesho yake alirudi bandani, mara moja tu. Mdogo wake alikuwa anasaga jiwe.

"Zima mashine."

"Kaka, mteja anakuja saa nane."

"Zima, nimesema. Nenda kapige picha ya kifua."

"Mimi mbona mzima kabisa?"

Nyundo alitaka kumjibu, pumzi ikamkatika. Akaketi juu ya jiwe, mdomo wazi, mabega yakipanda na kushuka. Mdogo wake alisimama akimtazama mpaka pumzi iliporudi. Kisha akavua aproni.

Picha yake ilikuwa na madoa machache, madogo. "Umewahi," daktari alimwambia. Banda likafungwa, akajifunza kuchora mabango ya maduka.

Nyundo aliishi miaka minne zaidi. Kila tarehe ya kliniki, mdogo wake alimsindikiza kwa miguu, taratibu, wakipumzika kila alipotaka.