Mwavuli wa Bi Pindo

Fundi cherehani jirani yangu tulimwita Bi Pindo, kwa kuwa pindo likienda upande hata kidogo alilifumua lote, mwenye nguo akiwa amesimama palepale na haraka zake. "Kinyaa!" ndilo lilikuwa neno lake. Mimi nauza vifungo na zipu mlango wa pili, nililisikia kutwa kucha. Sasa nalitumia mimi, na nalitumia kwa kaka yake.

Bi Pindo hakujaaliwa mtoto wa kuzaa. Alikuwa na binti aliyekuja kujifunza kushona, akabaki, akamwita Mama. Ugonjwa wa sukari ulipomchimba mguu, binti ndiye aliyeosha kile kidonda asubuhi na jioni. Kaka mtu alikuja mara moja tu. Alisimama mlangoni, leso puani, akauliza kama hati ya nyumba iko salama. Mguu hakuuliza.

"Huyu nikifa ataingia na viatu," Bi Pindo aliniambia. Basi akamtuma binti mahakamani akaulize wosia unaandikwaje. Karani alijibu huku anatafuna: andika unachotaka, weka saini mbele ya mashahidi wawili, nao waweke zao. Akaishia hapo, akarudi kwenye chakula chake.

Tuliandika ukurasa mmoja. Nyumba na cherehani kwa binti. "Na kaka yangu apewe mwavuli wangu," akasema, "asije akalowa akija kunizika." Tulicheka mpaka kitanda kikalia. Shahidi wa kwanza nikawa mimi. Wa pili? Bi Pindo alichagua mashahidi kama alivyochagua kitambaa: kile alichokwisha kukishika mwenyewe. "Nani mwingine anaingia humu ndani? Weka saini, mwanangu." Binti akaweka.

Bi Pindo alipofariki, kaka mtu aliwahi kuliko jeneza. Udongo wa kaburi bado mbichi, nikamkuta chumbani anapima kuta kwa futi ya marehemu, ileile iliyokuwa ikining'inia shingoni mwake miaka yote.

Tukapeleka wosia mahakamani. Mimi nilidhani ukishasomwa kila mtu anachukua chake. Kumbe wapi! Hufunguliwa kwanza shauri la mirathi, tangazo hubandikwa ubaoni ili mwenye pingamizi ajitokeze, kisha mahakama humthibitisha msimamizi wa kulipa madeni na kugawa mali. Aliyejitokeza na pingamizi mnamjua.

Hakimu alizitazama saini zetu, akamgeukia binti taratibu.

"Hii ya pili ni yako?"

"Ni yangu, mheshimiwa."

"Aliyeshuhudia wosia harithi kwa wosia huohuo. Sheria inamwogopa shahidi mwenye faida. Wosia ni halali, ila zawadi yako imeanguka. Nyumba na cherehani vinakwenda kwa ndugu wa damu."

Na mwavuli? Mwavuli nao akapewa, huo kwa wosia.

Sikatai, sheria ina sababu zake. Wapo watu wanaowashikisha wagonjwa kalamu. Lakini binti huyu angekaa mbali na kuziba pua kama yule bwana, tungemwita muuza mkaa aje kutia saini, na leo nyumba ingekuwa yake. Kilichomponza ni kuwepo. Nilimtazama kaka mtu anavyojipangusa midomo kama aliyeshiba. Kinyaa!

Nje ya chumba cha hakimu alisimama kwa maringo, amevaa koti alilowahi kushonewa bure na dada yake. Kwapani lilikuwa limefumuka. Binti akaliona.

"Mjomba, vua koti."

Akatoa sindano kwenye kola ya gauni lake, akakaa kwenye benchi la ukumbini, akashona mishono midogo, akakata uzi kwa meno.

"Wewe, una wazimu?" nilimfokea. "Unamshonea ya nini huyu?"

"Mama mdogo, hii ni kazi ya Mama. Kazi ya Mama haitembei imefumuka."

Kaka mtu akalivaa, akainua mkono kujaribu kwapa. Hata asante haikumtoka. Akaushusha mkono uleule mbele ya binti, kiganja juu.

"Na ufunguo?"