Alama Iliyo Ndani ya Damu Yetu

Mwaka niliomaliza darasa la nane, mimi na dada yangu tulikuwa na saluni sokoni Rangwe. Ilikuwa kichwani mwangu tu, lakini milango nilishaipaka rangi ya waridi na wateja walikuwa wanapanga foleni. Mimi ningepokea watu na kupiga domo, dada angesuka. Alikuwa na miaka kumi na tisa, na vidole vyake vilisuka hata bila yeye kuangalia.

Mvua ndefu zilipoanza kukolea, vidole hivyo vikavimba. Asubuhi hakuweza kufunga vifungo vya blauzi. Nilikuwa namfungia huku nikimwambia saluni itamngoja, naye anacheka, halafu anageukia ukuta.

Nyumbani jibu lilipatikana haraka. Mama alikuwa amepanda mahindi kabla ya dani, yaani nyanya yetu mzaa baba. Kwetu Wajaluo, mama mkwe ndiye hutangulia kutia mbegu udongoni, wake za wanawe wakafuata. Msimu ule mvua ilikuja, dani akawa anasema kesho, kesho kutwa, wiki mbili zikaisha. Mama akaona mvua itampita, akashika jembe. Sasa binti yake anaugua: hiyo ni chira, walisema, laana ya kuvunja mwiko. Dani alitaka mama arudi kwao Migori mpaka wazee wakae wasikize. Sote tulijua wazee hao wanaweza kuchukua miaka bila kukaa. Baba hakusema ndiyo wala la. Mama akaanza kukunja nguo zake.

Mimi ndiye niliyempeleka dada hospitali, Homa Bay. Daktari alimbonyeza kila kiungo, polepole, kama mtu anayeogopa kuvunja yai. Alitueleza kwamba ndani ya damu mna askari wa kupigana na magonjwa, na kila mtu huzaliwa na alama ambazo askari hao hutumia kumjua wa nyumbani na mgeni. Zipo alama fulani, za kurithi kwa baba au kwa mama, ambazo hufanya iwe rahisi zaidi kwa askari kukosea na kuushambulia mwili wenyewe. Wengi wanazo na hawaugui kamwe. Mashine ya kuzipima hapo haikuwapo, lakini ugonjwa wenyewe aliutambua. Akasema si kosa la mtu yeyote. Kisha akauliza kama kuna mwingine kwetu ambaye vidole vyake vimevimba hivi au kupinda.

Dada akaniangalia. Sote wawili tulikuwa tunafikiria mikono ya dani. Miaka yote tuliambiana ni uzee.

Tuliporudi nilimkuta dani peke yake nyumbani kwake, mikono ameificha ndani ya leso. Nilimweleza kwa Dholuo, lugha yetu, nikitafuta maneno ambayo hayatamuumiza. Alisikiliza hadi mwisho.

“Kwa hivyo ni mimi niliyempa?”

“Daktari hakusema hivyo, dani. Hata kama ugonjwa umetoka kwako, na wewe ulipewa.”

“Chira ina dawa,” akasema. “Mtu anakunywa manyasi, mitishamba ya kuondoa laana, mambo yanaisha. Hiyo yenu ina dawa?”

Mimi ni mtu wa kuahidi watu mazuri, na nilikuwa na uongo mtamu mdomoni tayari. Lakini alikuwa ananitazama. Nikamwambia kuna vidonge vya kupunguza uvimbe na maumivu, lakini vya kuumaliza ugonjwa hakuna.

Akaitoa mikono kwenye leso na kuiweka magotini.

“Sikuchelewa kupanda kwa kiburi,” akasema. “Jembe lilikuwa linaniponyoka. Ningewaambia nini?”

Nilitamani kuishika ile mikono, nikaogopa kuiumiza.

Dani aliinuka akavuka ua hadi mlangoni kwa mama. Nguo zilikuwa zimeshafungwa kwenye shuka, baba amekaa kando yake anatazama sakafu. Dani hakuingia. Hakuomba msamaha, wala hakutaja damu wala alama. Alimwambia baba kwamba mke wake haendi popote.

“Mimi ndiye niliyemruhusu apande,” akasema. “Nilisahau kuwaambia.”

Haikuwa kweli, na mama alijua. Alimtazama mama mkwe wake usoni, kisha akaitazama ile mikono iliyopinda.

“Ndiyo, mama,” akajibu. “Uliniruhusu.”

Akainama, akaanza kufungua fundo la shuka.