Kaka Kwenye Kiti cha Abiria

Wateja walimwita Bi Shokapu, maana shokapu, vile vyuma vya kupunguza mitikisiko ya gari, ndizo zilizomlisha tangu ana miaka ishirini, na sasa alikuwa anaigonga arobaini na saba. Gereji yake ilikuwa ya mabati, na ndani yake kulikuwa na shimo moja la kukagulia magari na benchi lililolegea mguu. Alikuwa na kawaida yake: kila nati aliyoikaza aliipaka mstari mwembamba wa rangi nyekundu, nusu juu ya nati, nusu juu ya chuma. Mstari ukikatika, ujue kuna mkono mwingine umepita hapo.

Rangi hiyo ndiyo iliyomfundisha kuchukia. Miaka sita nyuma gari la mashindano la kaka yake lilipinduka, kaka akavunjika mtulinga, na alipopata fahamu tu akasema shokapu ya nyuma imechomoka kwa uzembe wa mdogo wake. Bi Shokapu alikwenda kulitazama gari likiwa bado limelala ubavu. Mstari mwekundu ulikuwa umekatika. Nati ilifunguliwa kwa spana baada ya yeye kuikaza, tena na mtu aliyeirudisha kwa vidole akaenda zake. Akamweleza mama yao. Mama akasema rangi haitoi ushahidi, na mgonjwa habishiwi. Akampigisha magoti kando ya kitanda, mbele ya mashangazi wawili, aombe radhi kwa kosa lisilo lake. Akaomba. Wateja nao wakamkimbia, maana nani ampe gari fundi aliyetaka kumuua kaka yake? Tangu siku ile alilala na hasira na kuamka nayo, na sijui kama hata alitamani kupona.

Basi mama alipopiga simu kusema kaka amenunua shokapu mpya za kurekebisha ugumu, mafundi watatu wameshindwa kuzipatia na mashindano ni Jumamosi, Bi Shokapu alijibu kwa sauti tamu mno.

"Mwambie alete, mama. Damu nzito kuliko maji."

Alipokata simu alisema peke yake kwamba leo atakula naye sahani moja.

Gari lilikuja likinguruma. Lilikuwa limekatwa, likaungwa, likainuliwa mpaka matairi yakamfika mtu kiunoni. Cha kiwandani nadhani kilibaki honi tu. Kila shokapu ilikuwa na kirungu kidogo cha kuzungusha, kinacholia *ka* kwa kila hatua. Ukifunga kabisa inakuwa ngumu, ukifungua milio yote ishirini inakuwa laini. Bi Shokapu aligandamiza pembe za gari kwa mikono miwili, akasikiliza linavyorudi juu, na papo hapo akajua namba inayolifaa. Akainyamazia.

"Naendesha mimi," alimwambia kaka. "Mwenye gari anakaa pembeni, ananiambia mgongo wake unasikia nini. Ndivyo ninavyopima kwa kila mteja."

Hapo hakudanganya. Ila wateja wengine huwaanzishia mlio wa kumi, katikati. Kwa kaka alizifunga zote nne mpaka mwisho. Na kiti cha abiria kilikuwa chuma kitupu, kwa kuwa kaka mwenyewe alikuwa amekitoa sponji ili gari liwe jepesi. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Walikwenda kwenye machimbo ya kokoto yaliyoachwa, penye matuta kumi na moja yaliyopangana. Bi Shokapu alijifunga mkanda mpana wa kiunoni, akakanyaga mafuta. Tuta la kwanza lilimrusha kaka, la pili likampokea vibaya, na walipofika mwisho wa safu alikuwa ameng'ang'ania bomba la chuma la dari kwa mikono yote miwili.

"Unasikiaje?"

"Gumu. Legeza, dada."

Akashuka, akafungua mlio mmoja mmoja kila shokapu, akarudi. Wakapita tena. Akafungua mwingine. Kila mzunguko aliandika kwenye daftari kwa utulivu, moyoni anafurahi. Nasema kweli, alifurahi.

Mzunguko wa sita kaka alijing'ata ulimi.

"Fungua mitano kwa mpigo basi. Nakuomba."

"Kazi nzuri haina haraka. Niliwahi kuambiwa nazembea kwenye nati."

Kaka akamtazama. Alielewa. Wakapita wa saba, wakapita wa nane, na kwenye wa tisa, kabla tairi halijagusa tuta, akapiga kelele asimamishe.

"Ni mimi niliyeifungua ile nati," alisema, anahema. "Nilitaka gari liinuke nyuma lipigwe picha. Nikasahau kukaza. Nisamehe."

"Hayo si ya kuniambia mimi."

Akageuza gari papo hapo kuelekea kwa mama, hakumpa nafasi ya kushuka. Mama yao alikuwa barazani anakunja nguo zilizokauka. Kaka alisimama mbele yake ameinama, mkono kiunoni, akayasema yote tena bila kuruka neno. Bi Shokapu alikaa pembeni akingoja uso wa mama ubadilike. Alikuwa ameungoja miaka sita.

Mama alimaliza kukunja shuka.

"Nilijua," alisema. "Aliniambia kesho yake, pale pale kitandani."

"Kesho yake? Kabla sijapiga magoti?"

"Wewe una mikono, mwanangu. Popote ungekula. Huyu ana gari tu. Ungemwumbua, angebaki na nini?"

Bi Shokapu akashika nguzo ya baraza. Mama akaokota shati, akaendelea kukunja.

Kaka alikuwa na Jumamosi yake kichwani.

"Dada, tumeishia wa tisa. Namba ya mwisho ni ngapi? Niambie, nitafungua mwenyewe."

Bi Shokapu alifungua daftari, akachana ukurasa wa siku ile, akautia mfukoni.

"Muulize mama," alisema. "Yeye anajua kila kitu."