Kipande Kilichochelewa Kufika

Nilijifunza kompyuta katika umri ambao wenzangu walikuwa wanajifunza kupumzika. Kabla ya hapo nilikuwa fundi wa vipimo katika kiwanda cha kusafishia shaba hapa Kolwezi, na kazi ile iliniachia tabia moja: sigusi kitu kabla ya kukipima, na nikikipima naandika. Vitabu vyangu vilikuwa kurasa za Kifaransa nilizochapisha kwenye duka la fotokopi na kuzishona kwa uzi. Mwalimu sikuwa naye. Nilipokosea, mashine ilikataa, nami nikarudi mwanzo.

Kazi ninayotaka kuieleza niliifanyia mtandao mdogo wa vituo vya afya vya kanisa, wenye ofisi yake kuu mjini kwetu. Vituo vilikuwa na programu ya kuandikisha watoto wanaochanjwa. Ilikuwa nzuri lakini ya zamani, nayo ilikubali kufanya kazi katika mfumo wa zamani tu, ambao kompyuta zake zilikuwa zimekufa moja baada ya nyingine. Nikawawekea mashine pepe, yaani kompyuta isiyo na chuma, inayoishi kama programu ndani ya kompyuta nyingine. Diski yake pia si chuma. Ni faili moja kubwa, ambayo mafundi huiita taswira ya diski.

Shida ilikuwa kulisafirisha faili hilo. Kila kituo kilikuwa na lake, na kila tuliporekebisha programu ilibidi tulitengeneze upya Kolwezi na kulituma tena. Tenke si mbali sana, lakini Kisenge na Dilolo ni safari, na wakati wa mvua barabara ile haina ahadi. Mawasiliano ya redio, yaliyounganisha kompyuta za vituo na Kolwezi, nayo yalikuwa ya polepole. Faili zima lilichukua siku kadhaa kufika, na kituo hakiwezi kufunga mlango siku kadhaa kikisubiri kompyuta.

Kwa hiyo niliandika programu ya kulitiririsha. Mashine ya kituo iliwaka mara moja, diski yake ikiwa bado tupu. Ilipohitaji kipande cha diski ilikiomba Kolwezi, na wakati huohuo mchukuzi mmoja asiyeonekana aliendelea kuleta vipande vingine kwa zamu, kimya kimya, mpaka vyote viishe. Ni kama kuhamia nyumba wakati gari bado linaleta vyombo: ukihitaji sufuria unamtuma mtu aikimbize, na gari linaendelea na safari zake. Ili nisichanganyikiwe nilichora ramani ndani ya programu, alama moja kwa kila kipande: kimefika, hakijafika. Niliijaribu mezani kwangu majuma mengi. Ilifanya kazi, na nakiri nilijivuna.

Kisha Tenke ikaanza kupoteza watoto.

Muuguzi wa chanjo pale alikuwa mama wa makamo, wa rika langu, mjukuu wa mtu aliyeletwa kutoka Kasai kuja kufanya kazi ya mgodi. Alikuwa amechanja nusu ya mji ule. Wakati wa ukaguzi ikaonekana kwamba dozi zilizotoka kwenye friji zilizidi watoto walioandikwa kwenye kompyuta. Mama zao walikuja na kadi zenye mhuri na sahihi yake, lakini kompyuta haikuwajua watoto wao. Mjini maneno yakaanza: yule mama anauza dawa kwenye madispensari ya watu binafsi, na mhuri anapiga bure.

Mkuu wa ofisi, ambaye sote tulimwita shefu, aliniita akaniuliza swali moja. Mashine yaweza kupoteza mstari wa mtoto? Nikamwomba siku tatu. Nilikaa mezani na kompyuta mbili, moja ikijifanya Kolwezi na nyingine ikijifanya Tenke, zimeungwa kwa waya wenye urefu wa mkono wangu. Niliandika maelfu ya mistari, nikazima, nikawasha, nikahesabu. Haukupotea hata mmoja. Nikaandika karatasi ya nusu ukurasa, kwa Kifaransa kizuri, inayosema kwamba mashine haina kosa.

Shefu alikwenda Tenke na karatasi ile. Aliisoma katika kikao cha asubuhi, mbele ya wafanyakazi wote, mlango ukiwa wazi na akina mama wamekwisha kukaa kwenye mabenchi ya nje. Akamwambia muuguzi kwamba ana juma moja la kukabidhi kazi, kisha aende nyumbani. Mambo ya polisi yataamuliwa baadaye.

Mimi nilitumwa kwenye makabidhiano hayo, kwa sababu kanuni inataka fundi akague vifaa. Siku mbili kabla ya kuondoka nilituma faili jipya la Tenke, kwa hiyo nilipofika mchukuzi wangu asiyeonekana alikuwa bado katikati ya kazi. Nilifika na gari la dawa, saa mbili asubuhi, nikiwa na daftari langu.

Nilitegemea kulaumiwa. Hakunilaumu. Alinipa kiti, akafuta vumbi juu ya meza, akaniambia kwamba alikuwa amesikia habari za mtu aliyeumba kompyuta kwa kichwa chake, na alidhani ni mrefu kidogo kuliko hivi. Halafu akaongeza, bila kuinua sauti, akiniita tata, yaani baba:

"Tata, ile mashine yako inasahau kama muzee ya pombe. Mangaribi tunasikilizana bien. Asubuhi inaniuliza: weye ni nani?"

Nilimwambia kwamba nimeipima siku tatu. Akasema anajua, alisomewa. Kisha akauliza kama, katika siku hizo tatu, niliandika mtoto hata mmoja.

Niliomba nikae pembeni nimwangalie anavyofanya kazi, kwa kuwa siku hiyo ilikuwa ya chanjo na foleni ilikuwa ndefu. Akakubali, akasema nisiguse kitu tu.

Basi nikaangalia. Alichukua kadi, akamchoma mtoto, akampa mama yake pamba, akaketi, akaandika jina, akabonyeza kitufe cha kuhifadhi. Mtoto wa pili, vilevile. Kwa kila mtoto, kabla hata wino wa mhuri haujakauka, alibonyeza kuhifadhi, mara nyingine mara mbili. Nikamuuliza kwa nini hangoji amalize ukurasa. Alinitazama kama mtu anayeulizwa kwa nini anafunika sufuria.

"Kuran ya huku inaenda bila kuaga, tata. Mi nikiandika mutoto moya, namuchunga moya. Nikingoja ba kumi, banapotea bote kumi."

Kila mtu katika mji wetu anajua jambo hili. Umeme, kuran kama tunavyouita, hukatika mchana kweupe, fundi wa kuchomelea huachwa na chuma mkononi, mwenye duka la fotokopi huachwa na nusu ya barua. Mimi mwenyewe nilikuwa nimelisahau, maana mezani kwangu nina betri na paneli za jua, na majaribio yangu yote niliyaandika kwa mikupuo mikubwa, mkupuo mmoja kila nusu saa. Niliwauliza kwa simu wauguzi wa Kisenge na Dilolo wao wanafanyaje. Baada ya kuzungukazunguka wakakiri: ofisi ilikuwa imekataza madaftari ya karatasi, lakini wao waliendelea nayo chini ya meza, na jioni waliingiza yote kwenye kompyuta kwa pamoja na kuhifadhi mara moja. Mama wa Tenke peke yake ndiye aliyetii amri. Kwa hiyo hakuwa na daftari la kumtetea.

Siku ile niliandika saa, dakika na sekunde ya kila mtoto aliyehifadhiwa. Jioni tulipitia orodha pamoja, yeye na mimi, kwenye kioo cha kompyuta. Wote walikuwapo. Nikaomba mashine izimwe.

Asubuhi niliiwasha mwenyewe, chumba kikiwa na sisi wawili tu. Wawili hawakuwapo. Msichana mwenye gauni la njano, ambaye hakulia kabisa, na mvulana aliyekuja na bibi yake kutoka upande wa stesheni. Nilikuwa nimewaona wakichomwa. Nilikuwa nimeyaona majina yao. Muuguzi aliketi, akaipitia orodha tena tangu mwanzo, kidole juu ya kioo, jina kwa jina. Nikaelewa kwamba hata yeye alikuwa ameanza kujishuku.

"Banakuwa wapi?" aliuliza mwishowe.

Nilimwambia sijui, lakini nitajua.

Programu yangu ina kitabu chake cha safari: inaandika kila kipande kilichoombwa Kolwezi, saa kilipoombwa na saa kilipofika. Niliweka kitabu hicho upande mmoja na daftari langu upande mwingine, nikashuka mstari kwa mstari. Watoto thelathini na kitu hawakukutana na chochote. Wale wawili walikutana na jambo lilelile. Sekunde nne kabla ya msichana wa njano kuhifadhiwa, mchukuzi wangu alikuwa ameomba kutoka Kolwezi kipande kilekile ambamo mstari wake ulikwenda kukaa. Kipande kilikuwa njiani, kwenye redio ya polepole. Mama akabonyeza. Programu ikaona kipande hakijafika, ikakikimbiza yenyewe, maana ombi la dharura hupita mbele ya mzigo wa mchukuzi, ikaongeza jina la mtoto, ikaweka alama kwenye ramani: kimefika. Yote sawa. Halafu mchukuzi akafika na kipande chake cha zamani, kisicho na jina, na bila kuitazama ramani tena akakilaza juu ya kipya.

Mashine pepe ilikuwa bado inamkumbuka mtoto katika kumbukumbu yake ya muda, ndiyo maana jioni jina lilionekana. Ilipozimwa usiku na kuwashwa asubuhi, ilisoma diski, na diski haikumjua.

Kwenye waya wa mezani kwangu safari ile haichukui sekunde nne. Haichukui hata kufumba jicho. Na mtu anayehifadhi mara moja jioni ana bahati ndogo sana ya kukutana na mchukuzi mlangoni. Ilihitajika redio mbaya, faili jipya ambalo halijamaliza kufika, na mtu mwangalifu anayehifadhi kila mtoto. Uangalifu wake ndio uliompoteza. Nililifikiria hilo kwa muda mrefu, na sasa pia nalifikiria.

Ili nisikosee mara ya pili, nilirudia jambo hilo kwa makusudi kwenye kompyuta yangu ndogo. Niliweka ucheleweshaji wa sekunde tano katika njia ya mchukuzi, nikahifadhi mistari mifupi mifupi, nikazima, nikawasha. Ikapotea kumi na mmoja. Sijawahi kufurahi hivyo kuona kitu kimeharibika. Dawa yake ilikuwa mistari sita ya programu: mchukuzi anapofika aangalie ramani upya, na aliyeshika kipande akifunge mpaka amalize, mwingine asubiri nje. Nikajaribu tena, sekunde tano, sekunde ishirini, mistari mia tatu. Haukupotea hata mmoja.

Nilimpigia shefu simu. Alisikiliza vizuri, ni mtu wa haki. Alisema niandike karatasi nyingine, ataiweka katika faili la muuguzi, ataondoa barua ya kumwachisha kazi, na Jumatatu mama aendelee na kazi. Nikaona jambo limekwisha, nikaenda kumwambia muuguzi.

Alinishukuru. Kisha akatikisa kichwa.

"Balinishitaki mbele ya bantu, tata. Karatasi ya mu dossier haina kinywa."

Nilimweleza kwamba shefu yuko Kolwezi na hawezi kuja kwenye kikao cha kesho. Akasema hamhitaji shefu. Karatasi ya kwanza niliiandika mimi, mwingine aliisoma tu. Hakuwa na hasira. Aliongea kama mtu anayemkumbusha mwenzake saa ya kazi. Kwao, na kwetu pia, neno lililosemwa mbele ya watu linaondolewa mbele ya watu haohao; vinginevyo linabaki limesimama pale liliposimama.

Usiku niliandika maneno yangu kwa Kifaransa, nikayasahihisha mara tatu. Asubuhi nilisimama katika kikao, mlango ukiwa wazi, mabenchi ya nje yamejaa. Nilisoma mistari miwili nikasimama, maana niliona nyuso za nje hazikuelewa kitu. Nikakunja karatasi.

Nikasema kwa Kiswahili cha kwetu kwamba mimi ndiye niliyetengeneza mashine hii. Kwamba mama huyu aliandika kila mtoto, na mashine yangu ilifuta baadhi yao, kwa kosa langu na si lake. Kwamba niliulizwa, nikajibu nisichokijua, kwa sababu nilipima mezani kwangu na sikuja kumwangalia anavyofanya kazi. Kwamba hakuna dozi iliyouzwa. Sauti yangu haikuwa nzuri. Mfanyakazi mmoja wa maabara, ambaye najua alikuwa miongoni mwa walioeneza maneno yale, aliangalia viatu vyake.

Kisha mama mmoja aliyekaa mbele, mwenye mtoto mgongoni, akauliza swali ambalo ndilo lilikuwa swali lenyewe.

"Sasa bale batoto benye mashine ilifuta, batachomwa tena?"

Wote waligeuka kunitazama. Mimi nikamtazama muuguzi. Alikwisha kusimama na kunyoosha mkono.

"Leta fishi." Akaipokea kadi, akaisoma, akaigeuza, akamtazama mtoto usoni, akamrudishia mama yake kadi. "Hapana. Huyu mi mwenyewe nilimuchoma. Ingia, tumuandike."