Jeki Ndogo Langoni kwa Kina Rosa

Nichekeni tu, wasomaji, maana hata mimi sijamaliza kujicheka. Mimi ni dereva wa lori. Nabeba mahindi kutoka Likuyani, kwenye mashamba ambayo Wazungu wanayahama tangu tupate Uhuru. Njiani, pale Lurambi, ndiko kwao Rosa, msichana niliyempenda. Sikuwa nimemwona tangu mavuno, na sababu ya kupiga hodi sikuwa nayo. Basi juma lililopita nikasimama langoni kwao, nikajifanya nimepata pancha.

Ndani ya lori nina jeki mbili. Ile kubwa huinua upesi mno. Nikachukua ndogo, ya motokaa ya tajiri wangu, ili kazi ichelewe mpaka Rosa atoke. Nilipampu macho yangu yakiwa dirishani kwake, hata ubao wa kuwekea jeki nikausahau. Mvua ilikuwa imenyesha. Jeki ikazama matopeni, ikapinda, na lori pamoja na magunia yake likaegemea ua wao, ukaanguka.

Baba yake akatoka mbio, majirani nyuma yake.

"Mulembe, kijana wangu," akanisalimu. "Ni tairi gani imetoboka?"

Nikamwonyesha. Akaipiga teke, kisha akazunguka akizipiga zingine zote. Zilikuwa zimejaa upepo. Majirani wakaangua kicheko.

Mzee hakucheka. Alitazama dirisha lile, akanitazama mimi.

"Rosa aliolewa mwezi jana," akasema polepole. "Yuko Likuyani, hukohuko unakobebanga mahindi."