Kichaka cha Dirisha la Tatu

Watu wa mji wetu wa Baraka wakianza kuisifu bustani ya hospitali ya zamani, mimi hutafuta sababu ya kuondoka. Ni mimi niliyeipanda, miaka ile ya Wabelgiji, nikiwa kijana mwenye nguvu na mdomo mwingi. Nisifiwe tena kwa lipi?

Daktari wetu, Mzungu mwembamba asiyejua kukaa, aliamini kwamba mgonjwa akiona majani mabichi anapona upesi. Sisi tulicheka. Lakini kazi aliijua. Kabla sijachimba hata shimo moja, aliingia wodi ya wamama, akalala kwenye kila kitanda kilichokuwa wazi, na viatu vyake miguuni, akatazama dirishani. "Hapa naona ukuta tu," anasema. Mimi niko nje na vijiti, yeye ananielekeza kwa kidole: kushoto, kushoto kidogo, simama. Napigilia kijiti. Wamama wanaziba midomo kwa pembe za vikwembe walivyojifunga, wanacheka.

Dirisha la tatu lilinishinda. Nyuma yake alilala mama mmoja wa Lubondja aliyepasuliwa tumbo. Kidonda kilikuwa kimekauka, lakini mwenyewe hakutaka kula wala kuinuka. Daktari akaniambia, huyu ndiye ninayetaka atoke kitandani. Mpandie kitu chenye rangi, na kiwe kikubwa tangu leo. Kikubwa tangu leo nitakitoa wapi, na miche yangu bado ina majani mawili mawili? Ila nilikuwa nimeshajigamba mbele ya watu kwamba hakuna kazi ya bustani inayonishinda.

Basi nikaenda makaburini, kando ya barabara ya Fizi. Huko nilikuwa nimekiona kichaka cha majani mekundu yenye mistari ya njano, kimefika kifuani, juu ya kaburi dogo lisilo na msalaba. Nikajiambia kaburi lenyewe halina mwenyewe. Nikaking'oa chote na udongo wake, nikasawazisha mahali pale kwa mguu, nikakifunika gunia na kukibeba begani, nikakipanda mbele ya dirisha la tatu.

Kesho yake yule mama aliketi kitandani. Siku ya tatu aliomba uji. Juma lililofuata alitoka mwenyewe, akishika ukuta, akafika kwenye kichaka na kuyapapasa majani, moja moja.

"Baba, hii uliitoa wapi?" akaniuliza.

"Ubwari, mama. Kwa shangazi yangu. Ilikuja na mutumbwi."

"Kwetu Lubondja iko kama hii," akasema. "Nilileta moja huku, nikapandia mutoto wangu. Alikufia mu hii lopitali, mwaka uliopita. Hatukuweza kumubeba mpaka nyumbani."

Hapo ndipo ningesema. Niliona haya, na haya hiyo hiyo ndiyo iliyonifunga mdomo. Nikainama nikajifanya napalilia. Daktari alipopita alinipiga bega, akasema mbele ya wote kwamba wodi hii imepata mganga wa pili. Nikatabasamu, mjinga mimi.

Siku aliyoruhusiwa kwenda kwao, alipitia makaburini kwanza. Saa sita alirudi, tope mpaka magotini, akanikuta bustanini. Hakulia. Alisema kichaka cha mtoto wake hakiko tena, hajui ni mbuzi, hajui ni watu. Kisha akafungua kitambaa, akanimiminia mikononi karanga alizoletewa na ndugu zake kutoka kijijini.

"Unipe katawi kamoja tu ka hii yako ya Ubwari, baba. Nitasema nini kule nyumbani, kama nimeacha mutoto bila alama?"

Nilikata tawi zuri kuliko yote, nikachukua jembe, nikamfuata, maana alikuwa amekatazwa kuinama. Njia nzima alinishukuru mpaka nikatamani anitukane. Karanga zake zilikuwa mfukoni mwangu, bado zina joto la mkono wake.

Mvua zilikuwa zimenyesha. Nyasi zilikuwa zimeota kila mahali, na vilima vidogo vya watoto vilikuwa vingi, vyote sawasawa. Alisimama katikati, akageuka huku, akageuka kule. Kichaka kile ndicho kilichokuwa kinamwonyesha mahali, hakuwa na kingine. Mimi nilipajua. Palikuwa hatua nne kushoto kwake, penye udongo uliobonyea kidogo. Lakini nikimwonyesha tu, atataka kujua nimepajuaje.

Alikwenda kulia. Akapiga magoti, akaweka kiganja juu ya kilima kingine.

"Ni hapa," akasema. Halafu akanitazama mimi, mwenye jembe. "Si ni hapa, baba?"

Nikamwambia ndiyo, mama, ni hapa. Nikachimba.